Fundi Kanyiva wa Kibwezi

Siku ya soko, Kibwezi imefurika watu, mwanamume aliyevaa shati jeupe lililonyooshwa vizuri aliingia karakana akiwa amebeba kiti kilichobaki na miguu mitatu.

"Madam, fundi ako wapi?"

Kanyiva hakuinua macho kutoka kwenye mashine ya kukereza miguu ya meza. Alikuwa na ovaroli ya buluu, kitambaa chekundu kichwani, vumbi la mbao hadi kwenye kope. "Si ndiye unamwongelesha?"

"Haki, pole. Naitwa Gathua. Niko na hoteli Mtito Andei. Dereva wa lori amekalia hiki kiti kikalia."

"Kikalia ama mguu ukakimbia?"

Wakacheka wote wawili.

Tangu hapo viti vya Mtito vikawa vinavunjika ovyo, na jioni simu hailali.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula vumbi. Wewe?"

"Mimi nimekukumbuka tu."

Kisha jioni moja Gathua akasema, "Nikikuoa, mrembo wangu, hutashika patasi tena. Utakaa upumzike."

"Nani alikwambia nimechoka?" Kanyiva akakata simu. Gathua alipiga, akapiga tena, Kanyiva hakushika. Lakini kazini akaharibu miguu ya meza ya watu. Alimkumbuka mno.

Jumamosi Gathua akaja mikono mitupu, bila kiti. "Nifundishe hiyo kazi yako."

Kanyiva akafunga kipande cha mti wa mukau kwenye mashine, akampa patasi. "Egemeza hapa. Usisukume."

Akasukuma. Mti ukachomoka, ukaruka hadi mlangoni. Wauza nyanya wa nje wakaangua kicheko. Akajaribu tena, na tena, Kanyiva akimwongoza kiwiko. Ghafla utepe mrefu wa mbao ukachuruzika, laini, ukamwangukia mkononi na harufu yake tamu.

"Ai!" Gathua alipiga ukelele kama mtoto. Kisha akazima mashine. "Kumbe nilitaka kukunyima hii. Nisamehe, Kanyiva. Kubali nikuoe na mashine yako, na kelele zake zote."

Kanyiva alimpangusa vumbi kwenye nyusi, polepole, akimwacha ateseke kidogo.

"Wazee wenu wanajua njia ya Kalamba, kwetu?"

"Wataulizia!"

"Basi waje na mbuzi wanono. Baba hupapasa mbavu za mbuzi kabla hajasema karibu."