Mlango Mfupi wa Bi Ummkulthum

Alhamisi, saa tisa alasiri.

Jecha aliuchora mtaa mzima juu ya boksi la fulana kwa wino mwekundu. Duka hapa. Msikiti hapa. Gari hapa, barabarani Mkunazini, maana ndani ya Mji Mkongwe hata pikipiki hupita kwa kujibanza.

"Sala ya Ijumaa," alisema. "Wanaume wa mtaa wote wamo msikitini. Nusu saa nzima. Sisi tunataka dakika kumi."

Walikuwa wanne katika stoo ya nyuma ya duka la vinyago, Bububu. Jecha, aliyekuwa mlinzi wa hoteli kubwa ya ufukweni hadi alipofukuzwa, alisimama. Anuar, dereva wa gari la Noah la kuchukulia watalii, alitafuna kucha. Shahida, muuzaji wa duka lenyewe la vito walilotaka kuliibia, aliweka juu ya boksi ufunguo wa kasha aliouchongesha kwa siri, bila kumtazama mtu. Na Gharib alikaa. Kila palipokuwa na pa kukaa, Gharib alikaa.

Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Ishirini na minne kati ya hiyo aliimaliza kwa miguu, akiwatembeza wageni. Ngome Kongwe, Forodhani, soko la Darajani, milango yenye misumari ya shaba, kisha madukani: viungo, kanga, mapambo ya fedha, tanzanite. Wataliano aliwadanganya kwa Kitaliano, Wafaransa kwa Kifaransa, uongo ule ule, kwamba kasha hili lilikuwa la binti mfalme. Lau mabinti wa mfalme wangekuwa wengi hivyo, watu wengine wasingepata pa kulala. Sasa magoti yamekwisha. Wageni wanaongozwa na simu zao, na hoteli zina vijana wao wenye sare. Jecha alimwahidi kitu kimoja tu: kibanda chake mwenyewe Chukwani, cha kuuzia soda, chenye kiti. Gharib alikitaka kiti kile kuliko alivyowahi kumtaka mwanamke.

"Mwenye duka je?" aliuliza.

"Bi Ummkulthum Ijumaa huondoka saa sita," Shahida alijibu. "Anakwenda kula kwake Malindi. Nnabaki peke yangu. Mtanifunga kamba, ntalia kidogo, basi."

"Akiwepo, mie simo."

"Hatokuwepo," alisema Jecha. "Na wewe sikiza. Barakoa, kapelo, miwani, glavu. Na usifungue mdomo. Mdomo wako unajulikana mji mzima."

Walimhitaji kwa ajili ya chumba cha nyuma. Kilikuwa na makasha saba, na Shahida hakuruhusiwa kuingia; kazi yake ilikuwa mbele, kwenye makabati ya vioo. Bi Ummkulthum akipata mgeni mwenye kutaka vito vya kweli, alimwingiza mwenyewe, Gharib akiwa nyuma yao. Ni yeye tu aliyejua ni kasha lipi.

Mlango wa chumba kile ulikuwa mfupi, wa mbao nene, wa zamani walipokuwa wakilala humo mabinti wa nyumba, na komeo lake lilikuwa kwa ndani. Kila mgeni mrefu aligonga kipaji. Kwa hiyo Gharib akazoea kusema, kwa lugha yoyote iliyokuwepo, chunga kichwa. Bi Ummkulthum angeweza kupita pale na beseni kichwani, lakini zamu yake ikifika naye huambiwa, "Chunga kichwa, Bi." Naye hujibu, "Changu hakifiki." Miaka ishirini na minne. Hakuna aliyecheka tena, na hakuna aliyeacha.

Ijumaa, saa sita na dakika ishirini.

Meli kubwa ya watalii ilikuwa imetia nanga tokea alfajiri, na mji ulijaa kofia za ukili na kaptura. Noah ilisimama Mkunazini, vioo juu. Ndani kulinuka jasho na dawa ya mbu.

Simu ya Jecha iliwaka. Aliitazama, akaigeuza kifudifudi juu ya paja.

"Shahida huyo?" aliuliza Anuar. "Anasemaje?"

"Kila kitu sawa."

"Mbona umekunja uso?"

"Uso wangu ndo huu, Anuar. Wewe tazama barabara."

Gharib alivaa glavu. Mikono ilikuwa imechoka, kama yeye.

Saa sita na dakika arobaini.

Kichochoro kilikuwa kitupu. Sauti ya khatibu ilitoka kwenye kipaza sauti, ikiwahimiza watu kumcha Mungu. Gharib alijitahidi asisikie. Jecha alisukuma mlango wa duka, wakaingia, akaufunga nyuma yao.

Shahida hakuwepo. Nyuma ya vioo alikaa Bi Ummkulthum, miwani juu ya paji, kikombe cha chai ya mdalasini mkononi.

Gharib alimgeukia Jecha. Jecha hakuonyesha kushangaa hata kidogo. Alijua. Ile simu ya garini ilikuwa ya habari hii, na pengine haikuwa ya kwanza.

"Kimya, bibi," alisema Jecha, akachomoa kisu kirefu cha kuchinjia. "Hatutaki kelele."

Bi Ummkulthum aliweka kikombe chini polepole, chai isimwagike. "Chukueni mnachotaka mwende zenu. Mie mtu mzima, sina pa kukimbilia."

Jecha alimwashiria Gharib kwa kidevu: mtie ndani. Gharib angeweza kukataa pale pale. Alisema mwenyewe jana, akiwepo mie simo. Lakini miguu ilikwenda, kwa sababu ilikuwa imezoea kwenda. Alimshika bibi kiwiko, mkono mwembamba kupita alivyodhani, akampeleka hadi kwenye mlango mfupi. Yeye mwenyewe akainama.

"Chunga kichwa, Bi."

Yalimtoka tu.

"Changu hakifiki," alijibu Bi Ummkulthum.

Kisha wote wawili wakasimama. Bibi aligeuza uso taratibu akatazama barakoa, miwani ya jua, kapelo. Hakusema jina. Macho yake yalijaa maji, na hilo ndilo lililomuumiza Gharib kuliko kama angetukanwa.

"Anakujua," alisema Jecha.

"Hakuniona."

"Anakujua! Nlikwambia nini mie?"

"Uliniambia hatokuwepo. Shahida yuko wapi?"

"Kaogopa. Kakimbilia kwao Mangapwani. Nlijua tokea saa nne, na ningekwambia usingekuja." Jecha alisogea karibu, akakigeuza kisu, mpini mbele. "Wewe ndo uliyefungua mdomo, wewe utaufunga wake. Shika. Leo sitoki hapa na shahidi nyuma yangu."

Gharib alikitazama kile kisu. Aliwaza kiti cha Chukwani, na ajabu yake hakuweza tena kukiona. Alikipokea. Akamsukuma bibi ndani, akaingia nyuma yake, akaubamiza mlango, akaangusha komeo.

Saa sita na dakika hamsini.

Jecha alipiga ngumi. Akapiga teke. Mbao zile zilikuwa za watu waliojua kuwaficha mabinti zao, hazikutikisika.

"Gharib! Fungua, ndugu yangu. Tuzungumze."

Gharib alikaa juu ya kasha. Magoti yalimshukuru.

"Ntakuja kukutafuta, unasikia? Wewe na huyo kizee. Hata miaka kumi!"

Mara simu ikaita kule nje, na sauti ya Jecha ikabadilika. "Anuar, ngoja. Ngoja, n'nakuja! Usiondoe gari! Anuar!" Kioo kilivunjika, vikuku vya fedha vikamwagika sakafuni, kisha miguu ikakimbia kichochoroni. Baada ya hapo ilisikika sauti ya khatibu peke yake.

"Lete hicho kisu," alisema Bi Ummkulthum.

Alimpa. Bibi alikitia chini ya kasha, akaketi upande wa pili.

"Vua hayo madude usoni. Nikuone."

Alivua.

"Miaka yote hii nakupa chai," alisema bibi. "Nakuacha uone nnapofungulia. Wanangu wenyewe hawapajui."

"Nimechoka, Bi."

"Na mie nimechoka! Nina miaka sabini na tatu, toka asubuhi nimesimama kwa sababu Shahida kasema anaumwa." Alifuta macho kwa ncha ya buibui. "Naye yumo?"

"Ndiye aliyechongesha ufunguo."

Hilo bibi alilimeza kwa shida, Gharib aliona. Juu yao palikuwa na kidirisha cha chuma kinachotazama kichochoroni, na mwanga wake uliangukia mikono ya bibi iliyojaa mishipa.

"Watu hawajatoka msikitini," alisema. "Ondoka. Ntasema waliziba nyuso. Uongo si mkubwa, walikuwa wameziba kweli."

Gharib alinyanyuka nusu. Mlango ule pale, kichochoro kitupu, na kila pembe ya mji huu anaijua kwa kufumba macho. Angefika Darajani kabla ya mtu wa kwanza kuvaa viatu. Aliutamani uhuru huo. Kisha akakaa tena.

"Kakuapia, Bi. Jecha akisema atarudi, atarudi. Lazima awepo mtu wa kumtaja, aseme anapolala."

"Na wewe?"

"Piga kelele," alisema Gharib. "Mie sauti yangu haijanifaa leo."

Bi Ummkulthum akapanda juu ya kasha, akashika nondo za kidirisha, akasubiri.

Saa saba na dakika kumi na mbili.

Watu walipotoka msikitini waliisikia sauti yake hadi mwisho wa mtaa. Duka lilijaa kanzu. Polisi walikuja na jasho, kwa miguu, gari lao limekwama nyuma ya kundi la watalii waliokuwa wakipiga picha mlango wa kuchonga. Gharib aliinua komeo kwa mkono wake mwenyewe.

"Huyu nani?" aliuliza koplo.

"Huyu... huyu ni mtu wangu," alisema Bi Ummkulthum. "Huniletea wageni."

"Nlikuja nao," alisema Gharib. "Mwengine anaitwa Jecha, analala Bububu nyuma ya duka la vinyago. Mkononi ana glavu nyeusi, mfukoni ana ufunguo wa kasha hili. Gari ni Noah nyeupe, dereva Anuar. Andika, afande, kabla hawajavuka bahari."

Koplo aliandika. Gharib hakumtaja Shahida, na bibi aliliona hilo, naye hakumtaja. Pingu zilikuwa za moto, za kushinda juani. Wazee aliozoea kuwaamkia kila siku walimpisha bila kumjibu salamu.

Askari alimsukuma kuelekea mlangoni. Nyuma yake Bi Ummkulthum alikohoa.

"Chunga kichwa, Gharib."

Gharib alisimama. Hakugeuka, maana angegeuka angelia mbele ya watu.

"Changu kinafika, Bi," alisema, akainama, akatoka.