Kipaza Sauti cha Ineza

Domisiana alikuwa ameshatoa betri ya kipaza sauti na kuiweka mezani, mzee Ndikuriyo alipoinamisha kichwa na kujibu taratibu, "Ndiyo, nakusikia."

Hakuna aliyekuwa amesema naye.

Ilikuwa alasiri ya mvua, mwaka 2003, katika chumba cha misheni pale Ngara mjini ambamo Domisiana alitengeneza mashine za masikio za wakimbizi wa Burundi. Ndikuriyo aliharibiwa masikio na bomu. Mashine zake mbili zilimsaidia kidogo tu, mpaka alipopewa kipaza sauti kisicho na waya. Mkewe, Ineza, alikivaa shingoni, na alilolisema hata akiwa jikoni lilimfikia mumewe masikioni.

"Kina shida gani, mzee?" Domisiana aliuliza kwa sauti kubwa, karibu na sikio lake.

"Kinakwaruza. Mama Iteka hamalizi maneno. Nasikia 'njoo', nasikia 'baridi', mengine yanapotea."

"Basi mje naye, tukijaribu amekivaa."

Mzee akatazama chini. Aliyejibu ni Iteka, binti yake, kutoka mlangoni. "Mama tulimzika wiki ya Pasaka, dada."

Domisiana alijiambia kuwa ni redio ya mtu imeingilia masafa, akaendelea na kazi. Akabadilisha betri za mashine za masikio. Akahamisha chaneli. Kisha akafungua kipaza sauti kwa bisibisi, akachungulia ndani. Betri ya awali ilikuwa imevuja humo zamani, maji yake yamekula vibati vya ndani mpaka vikabaki unga wa kijani. Kifaa kile kilikuwa kimekufa miezi mingi.

"Usikitengeneze," Iteka alinong'ona. "Siku hizi baba hali chakula. Kila asubuhi namkuta kwenye njia ya mtoni, anasema mama anamwita kutoka ng'ambo. Kikisikika vizuri hatarudi."

Mzee hakusikia, lakini aliona nyuso zao.

"Mwanangu," alimwambia Domisiana, "nataka anijibu neno moja tu. Usiku aliokufa nililala kando yake, mashine nimezivua. Kama aliniita, sikumsikia."

Domisiana hakuweza kumkatalia. Alikwangua ule unga, akalehemu vibati vipya, akatia betri mpya, na taa ndogo ya kijani ilipowaka akaunganisha mrija wa kupimia na kipaza sauti, akauchomeka sikioni mwake ili asikie kile atakachosikia mzee. Kwanza ilikuja harufu, harufu ya tope la mtoni, nzito, ikijaa chumba chote ingawa dirisha lilikuwa limefungwa, na nyuma ya harufu ikaja pumzi, na nyuma ya pumzi sauti ya mwanamke, safi, bila mkwaruzo wowote.

"Ndikuriyo. Njoo."

Mzee alikunja uso. "Sema tena."

"Ndikuriyo."

"Ineza aliniita Baba Iteka," mzee alisema polepole. "Miaka thelathini na mmoja, jina langu hakulitaja hata siku moja. Wewe ni nani?"

Domisiana akaisikia sauti ikijigeuza, sasa kikongwe, sasa mtoto, sasa mwanamume anayekohoa, sasa tena mwanamke, moja baada ya nyingine kwa haraka, kama mtu anayejaribu funguo nyingi kwenye mlango mmoja, hadi ikatulia kwenye sauti moja ya chini, ya upole, iliyochoka kidogo.

"Baba Iteka. Nilikuita."

Uso wa mzee ukabadilika, na Domisiana akajua kwamba safari hii sauti ilikuwa ile ile ya Ineza. Alinyoosha mkono kukielekea kipaza sauti, ukabaki hewani. Kisha akaurudisha, akavua mashine za masikio moja moja, akaziweka mezani.

"Sitazivaa tena," alisema.

Domisiana aling'oa betri. Taa ikazimika.

Iteka akamshika baba yake mkono. Walipofika mlangoni mzee aligeuka, macho yamejaa machozi.

"Wewe bado una mrija sikioni," alisema. "Baada ya mimi kuvua, imesema neno?"

Sikioni mwa Domisiana mwanamke alikuwa akilia, akimwita Baba Iteka, akimwomba asimwache tena.

Domisiana akatikisa kichwa. Hapana.

Baba na binti wakashika njia ya kambini, wakiteremka kilima polepole kwenye mvua. Domisiana akauvua mrija na kukaa chini, na kutoka kwenye kipaza sauti kilichozimwa kilio kiliendelea, sasa bila mrija wowote.