Chuma cha Machimboni

Kila alasiri Chiriku huosha vyombo uani huku mama yake akishona nguo za wateja. Jina hilo alipewa kwa kuwa mdomo wake haupumziki. Siku ile alikuwa kimya, na mtoto wa aina hiyo akinyamaza, kuna jambo.

Mama aliacha cherehani, akachungulia. Chiriku alikuwa amechuchumaa, akisugua kwa mchanga chuma kizito chenye kutu na ncha iliyochongoka.

"Umekitoa wapi hicho?"

"Kilikuwa cha baba yake bibi, mama. Cha vita."

Kesho yake shule ingeadhimisha siku ambayo nchi yao, ikiwa bado koloni, iliingizwa katika vita kuu. Kila mwanafunzi alitakiwa kupeleka kumbukumbu ya ukoo. Wenzake walikuwa na nishani na kofia. Yeye walimcheka: "Wa kwenu alikwenda vitani au alikwenda kuchota maji?"

"Babu yangu alibeba mizigo ya jeshi," mama alisema. "Hakurudi na hata kifungo cha koti. Sema kweli."

Chiriku aliendelea kusugua. Aliinua jiwe ili abandue kutu iliyogoma.

"Usigonge!" Mama alipiga ukelele, kisha akajikaza, akashusha sauti. "Weka jiwe chini, mwanangu. Kiache hapo hapo. Njoo kwangu, polepole."

Chiriku alitii. "Nilikiokota machimboni," alikiri. "Nilitaka na sisi tuonekane."

Mama alimshika mkono, wakatoka huku akiwaita majirani wakimbie. Polisi walileta wanajeshi, wakakichukua na kwenda kukilipua mbali. Hata hivyo, madirisha yalitikisika.

"Lilikuwa bomu zima," askari alisema. "Pigo moja tu, dada, tungekuwa tunawazika."

Kesho yake Chiriku alisimama mbele ya wenzake mikono mitupu.

"Baba yake bibi alikamatwa shambani, akabebeshwa risasi. Hakupewa nishani. Mimi nilitaka kuwadanganya kwa bomu la kuokota."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu akamwomba mama, aliyekuwa amemsindikiza, aseme neno.

"Wanangu," mama alisema, "mkiona chuma msichokijua, msikiguse. Rudini nyuma, mwiteni mtu mzima. Wala msimwonee haya mzee aliyerudi mikono mitupu. Vita ile ilichukua watoto wa watu bila kuwauliza. Jana nusura inichukulie na wangu, kwa kutaka sifa tu."