Kalavati la Nyakitonto

Nurudini aliona maji yamepanda juu ya barabara, akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Pikapu iliserereka kwenye tope, ikasimama imeinamia upande mmoja pembeni mwa mkondo. Kabla hajashusha pumzi, tuta likameguka kwa kishindo nyuma yake, mkewe na abiria wao. Njia ya kurudi Kasulu ilikuwa imekwenda na maji. Mbele, upande wa Kibondo, kijito ambacho kiangazi mbuzi hukivuka bila kulowa tumbo kilikuwa kinapita juu ya lami kikinguruma.

Nurudini, muuza vifaa vya ujenzi, alikuwa mtu wa kuhurumia mzigo kuliko mwili wake. Aliruka chini kuzuia mabati yasimwagike. Bati la juu likachomoka, likampasua paja.

"Baba Shadia!" Mkewe, Kuruthumu, alivua khanga ya mabegani. "Lala. Usitazame."

Damu ilitoka kwa kuruka. Alifunga juu ya jeraha, akakaza, akalikandamiza kwa ngumi. Reverien, mkulima wa Nyakitonto waliyempa lifti, aliuinua mguu akauegemeza kwenye tairi.

"Maji yanapanda?" Kuruthumu aliuliza bila kuinua kichwa.

"Yanapanda, mama. Lile jiwe nililoliona, sasa silioni."

"Hospitali ya Kibondo ni mbali?"

"Tukivuka, si mbali. Tukivuka."

Watu hupenda kusema serikali huja mvua ikishakatika. Siku ile ilikuja imelowa chapachapa. Ng'ambo ya mkondo ulitokea mtambo wa kuchimbia, ule tunaouita kijiko, na nyuma yake gari la Wakala wa Barabara. Akashuka Injinia Uwimana, mama ambaye tangu masika yaanze alikuwa akizunguka kipande hicho cha barabara kuzibua mitaro, buti zimejaa maji. Alitazama maji kwanza, watu baadaye, na mimi nasema ndivyo inavyotakiwa. Upande wa juu wa barabara lilikuwa ziwa. Upande wa chini, maji ya kutoka kwenye kalavati, bomba la chini ya barabara, yalichuruzika tu.

"Kalavati limeziba! Makarius, zamisha mkono!"

Makarius, dereva wa kijiko, alizamisha mkono wa mtambo, akapandisha tope. Akazamisha tena. Tope na matawi. Maji yakaanza kulamba tairi za pikapu.

"Tukate barabara, Injinia?"

"Nikikata, mkondo utawabeba wale."

"Tusipokata?"

Uwimana alimwashiria azamishe tena.

Reverien aliyasikia yote. Muhogo mchungu wa kule hauliwi mpaka ulowekwe uvunde, na mwaka huo watu wa Nyakitonto waligundua kwamba mdomoni mwa kalavati maji yametulia na wezi hawafiki. Wakafunga magunia yao kwenye vigingi. Wakala walikataza, kwenye mkutano wa kijiji kabisa, na Reverien mwenyewe alinyoosha mkono kukubali. Gunia lake ndilo lilikuwa kubwa kuliko yote. Akitamka neno, anajipeleka polisi kwa miguu yake. Akamtazama Nurudini. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya majivu.

"Mana yanje," alinong'ona, yaani Mungu wangu. Mficha uchi hazai. Akakusanya mikono mdomoni.

"Injinia! Ni mihogo! Tumefunga magunia mdomoni mwa kalavati! Na langu limo!"

Uwimana hakumtukana. "Vigingi viko wapi?"

"Upande wa juu!"

"Simama nikuone, unyooshe kidole. Usipite magotini!"

Reverien aliingia majini huku ameshika bampa, mkono mmoja ukielekeza. "Kushoto kwako! Bado! Hapo, zamisha!"

Meno ya kijiko yakanasa kamba. Mtambo mzima ukayumba, minyororo yake ikateleza kuelekea mkondoni.

"Injinia, naenda na maji!"

"Vuta, Makarius! Usiiachie!"

Gunia likatoka, likapasuka hewani, muhogo mweupe uliovunda ukamwagika na harufu yake yote. Likafuata la pili, kisha mengine yakaja kwa mkupuo. Kalavati likabeua kama mtu aliyeshiba, halafu likaanza kunywa.

Maji yalishuka polepole, lami ikaonekana, imejaa nyufa. Uwimana alivuka wa kwanza, mwenyewe, akichoma kila hatua kwa mti kabla ya kukanyaga. Ndipo akampungia Makarius aje. Nurudini alivushwa amelala ndani ya ndoo ya kijiko, mkewe amechuchumaa pembeni, ngumi bado iko juu ya jeraha. Gari la injinia likawapeleka Kibondo, na mwenyewe akabaki mvuani bila usafiri.

Kesho yake simu ya Uwimana ililia.

"Ameshonwa, ameongezwa damu," Kuruthumu alisema, sauti ikimkatika. "Ameomba uji, mama. Ameomba uji!"

Uwimana aligeuka pembeni akafuta uso. Reverien alikuwa amekesha akibeba mawe ya kuziba tuta, pamoja na vibarua wa Wakala, bila kuambiwa na mtu. Sasa alikuja akasimama mbele yake.

"Injinia, nipo. Nipelekeni polisi."

"Nikikupeleka, mihogo itaacha kuwa michungu?" Akamwita Makarius, kisha akamgeukia tena. "Nionyeshe maji yanapotulia, mbali na barabara yangu."

Reverien aliongoza njia, na kijiko kikamfuata kikichimba tope pale aliponyoosha kidole. Dimbwi jipya la kulowekea mihogo lilipoanza kujaa, wanawake wa Nyakitonto walikuwa wameshafika na magunia kichwani. Reverien, mzee mzima, akakaa chini kwenye udongo mbichi, akalia mbele ya majirani zake, na hakuna aliyemcheka.