Magadi ya Mama Roza

"Katika nyumba hii chumvi imekufa, na tumeizika!"

Nyamizi alisema hivyo kila palipokuwa na masikio. Alisema mashineni. Alisema kanisani. Hata mpita njia aliyeomba maji ya kunywa aliondoka na habari hizo.

Alikuwa na sababu ya kutamba. Mumewe, Masunga, alikuwa amelazwa hospitalini mwezi mzima. Moyo wake ulikuwa umechoka. Miguu ilivimba kama mitungi, na pumzi ilimwishia kabla hajafika mlangoni. Alipewa vidonge, akapata nafuu. Siku ya kutoka, Nyamizi aliambiwa: "Mama, vidonge kila siku. Na chumvi ni marufuku. Chumvi huzuia maji mwilini, na moyo huu hauna nguvu ya kuyasukuma."

Nyamizi alifika nyumbani, huku Usangu, akachukua kopo la chumvi, akaligawa. Kwake yeye kazi ikawa imekwisha.

Wiki tatu zikapita. Miguu ya Masunga ikaanza kuvimba tena.

"Baba Roza, umekula wapi?" Nyamizi aliuliza.

"Nile wapi? Kutembea kwenyewe siwezi."

"Umekula kwa huyu jirani, Budeba! Miguu haidanganyi."

"Kwa Budeba nilikunywa maji tu."

"Maji yaliyochemshiwa samaki wa chumvi!"

Masunga akakasirika. "Mama Roza, hata ndama zizini wanalambishwa chumvi. Mimi nakula kama mfungwa, halafu unaniita mwizi?"

Ikawa hivyo asubuhi na jioni. Nyamizi alichoka, akaenda kumshtaki Budeba kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi naye alikuwa amechoka. Alimwambia, "Mama, mimi nilipewa nyumba kumi. Sikupewa vyungu kumi."

Miguu haikungoja kesi. Masunga hakuweza tena kulala chali. Alilala ameketi, ameegemea gunia la mpunga, akikohoa. Asubuhi moja alitaka kusema habari za maksai wake. Alisema "mak," akapumzika, ndipo akamalizia. Hasira ya Nyamizi ikageuka hofu. Alikimbia zahanati.

Nesi Severina, dada wa Kihehe kutoka Iringa, alikuja kwa baiskeli. Alibonyeza mguu wa Masunga kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale pale, kama kwenye ugali uliobonyezwa. Akahesabu mapigo ya moyo. Akahesabu vidonge vilivyobaki.

"Vidonge amevinywa sawasawa," alisema. "Leo mchana gari la mpunga linakwenda mjini. Ataondoka nalo, daktari amwone. Lakini kwanza, mama, nataka kukuona ukipika. La sivyo ataenda, atarudi, na mwezi ujao tutakuwa hapa hapa."

"Karibu, mwanangu. Hutaona hata punje!"

Nyamizi aliinjika chungu. Alitia mlenda. Kisha mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kibuyu kidogo ukutani. Ukatoa donge la kijivu, ukalivunja, ukalitupa chunguni.

"Hicho nini?"

"Magadi."

"Mama!"

"Nini? Magadi si chumvi. Magadi ni magadi. Mlenda bila magadi utalainikaje?"

"Na maharage?"

"Nayo pia. Bila magadi yatamaliza kuni zote za kijiji."

"Unatia mengi?"

"Zamani nilitia kidogo. Tangu tuache chumvi nimeongeza, mgonjwa apate ladha."

Severina alikaa kwenye kigoda, akashika kichwa kwa mikono miwili.

Masunga alisema kwa shida kutoka pale kwenye gunia: "Mwiteni... balozi. Mwizi... amepatikana."

"Sikilizeni," Severina alisema. "Kile kitu kinachozuia maji, kilichomo ndani ya chumvi, kimo pia ndani ya magadi. Moyo wa baba ni kama maksai aliyechoka. Vidonge vinamsaidia kuvuta plau. Wewe, mama, unalimwagia shamba maji hadi linakuwa tope. Atavutaje?"

Nyamizi alifoka. "Waliniambia chumvi! Wangesema magadi, ningeacha magadi!"

"Hapo una haki. Sisi wauguzi tuseme yote. Nanyi mtuulize: tunapika hivi na hivi, je, kuna ubaya?"

Masunga alikaa mjini wiki moja. Daktari aliongeza kidonge cha kutoa maji. Aliporudi, kibuyu cha magadi hakikuwapo tena. Maharage yalilowekwa tangu jana yake, yakaiva bila magadi. Mboga zilipikwa kwa karanga na nyanya, zikakamuliwa ndimu. Na kila Jumatatu Masunga alipimwa uzito kwenye mizani ya ghala la kijiji, kama gunia.

Severina aliwaonya: "Akiongezeka kilo mbili kwa wiki, msishangilie. Huo si unene, ni maji. Njooni siku hiyo hiyo. Na vidonge asiviache hata akijiona mzima."

Kilo zikapungua, kutoka sabini na moja hadi sitini na nne. Viatu vikamwingia. Akalala tena kitandani, kwa mto mmoja.

Siku moja Nyamizi alikuwa kisimani na wanawake wenzake.

"Mimi ndiye niliyegundua," aliwaambia. "Nilikitazama chungu, nikasema, la, adui ni magadi! Nesi alipokuja, alikubaliana nami tu."

Wanawake wakaacha kuteka maji. Walikuwa wanatazama nyuma yake. Nyamizi akageuka.

Masunga alikuwa amesimama pale na fimbo yake ya kuchungia. Alikuwa ametoka nyumbani hadi kisimani bila kupumzika njiani. Zamani kuhema kwake kungemtangulia. Leo Nyamizi hakusikia kitu.

"Endelea, Mama Roza," alisema. "Waeleze na habari za Budeba. Siku hizi pumzi ya kusimama na kukusikiliza ninayo."