Maji ya Mwisho ya Glasi za Rajabu

Dada yangu Waridi alikuwa na mkono wa baraka, na hilo pale Kariakoo hakuna aliyebisha. Kitenge kilichododa kwa jirani, akikikunjua yeye kilipata mteja kabla hajamaliza kukisifia. Wenzetu walikuwa wakija asubuhi kumwomba awashikie mzigo wao mpya, mkosi utoke. Mimi Badria, mdogo wake wa tumbo moja, nilikuwa nauza kwenye meza hiyohiyo, na mikono yangu ilifaa kufukuzia nzi tu.

Mumewe, Rajabu, aliwahi kuwa mhudumu wa hoteli moja huko Posta. Alipofungua grosari ya bia Buguruni, mama yetu, Bi Zulekha, alisusa kula chakula chake mpaka Mungu alipomchukua. Sisi ni watoto wa chuo cha Kurani, tumekulia nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, na bia tuliijua kwa harufu ya wapita njia. Dada akasema ukipenda boga, penda na ua lake. Akahamia kwake.

Siku Rajabu alipoleta glasi nyumbani, nilikuwepo. Ilikuwa Ijumaa mchana, tumemaliza kula pilau. Zilikuwa glasi nzuri, ndefu, za wateja wake wakubwa, na alisema kule grosari wasichana wanaziosha pamoja na sahani za nyama choma, wanaziharibu. Akatukalisha uani kutufundisha.

Glasi ya bia, alisema, haitaki undugu na sufuria. Iwe na beseni lake. Sabuni kidogo isiyo na harufu, kwa sababu mafuta yakibaki hata kidogo, povu linakufa pale pale bia inapomiminwa. Isuuzwe kwa maji baridi. Isifutwe kwa kitambaa, maana kitambaa huacha manyoya. Ifudikizwe juu ya waya, hewa ipite chini. Ukitaka kuipima, inyunyizie chumvi ndani ingali mbichi. Palipo safi chumvi inashika, penye mafuta inaporomoka.

Yote hayo ni kweli, unaweza kujaribu kwako. Ndiyo maana hatukushtuka alipoongeza mawili ya kwake: Waridi asuuze kwa mikono mitupu, bila sponji, na maji ya mwisho asiyamwage. Ayatie kwenye dumu, yeye atakwenda kumwagilia maua ya grosari.

Kisha akajaza maji kwenye glasi moja akanywa, kidole chake cha mwisho kimekinga kitako cha glasi, kama alivyozoea. Nilimtania kwamba anaogopa glasi itajifungua. Tukacheka wote.

Grosari ikafurika watu. Rajabu akaongeza friji, akaongeza viti, akaanza kuitwa bosi. Kwetu mezani vitenge vikadoda. Wanawake waliokuwa wakimletea dada mizigo yao wakawa wanapita upande wa pili. Yeye akasema ni biashara, ina kupanda na kushuka, na kila mchana akarudi nyumbani kuosha glasi za mumewe.

Halafu simu yake ikaibiwa sokoni. Tukaenda kwa wakala, kijana wa chini ya mwavuli, ili arudishe laini. Dada akataja namba yake ya kitambulisho, akaweka kidole. Mashine ikakataa. Akaweka kingine, ikakataa. Kijana akamshika mkono, akaugeuza juani.

"Mama, hapa hamna alama," alisema taratibu.

Nikatazama na mimi. Ncha za vidole vya dada yangu zilikuwa laini kama mgongo wa kijiko.

Mchana ule aliosha glasi nikiwa kando yake. Akanyunyiza chumvi. Ikashika kila mahali, isipokuwa kwenye madoa madogo ya duara, yamepangana matano. Akaosha tena. Akanyunyiza tena. Madoa yalikuwa palepale. Ilikuwa michoro ya vidole, na ilikuwa chini kabisa ya glasi, ndani, ambako mkono wa mtu mzima haufiki.

Kesho yake nikaenda Buguruni, jua likiwa utosini. Grosari haikuwa na ua hata moja. Rajabu alikuwa peke yake mlangoni, hajafungua, amelibeba dumu lile. Nikajibanza nyuma ya makreti. Alikuwa ananyunyiza kizingiti kwa vidole, akinong'ona.

"Waridi binti Zulekha, njoo na vyako. Waridi binti Zulekha, njoo na vyako."

Baba yetu anaitwa Hashimu. Ofisini, shuleni, hata siku ya nikahi, dada aliitwa binti Hashimu. Anayekuita kwa jina la mama yako ni mganga tu, kwa kuwa mama hana shaka, na jina lake linafika linakotumwa. Mama yetu alikufa amesusia hata chai ya mtu huyu. Leo jina lake linanyunyizwa kwenye mlango wa bia. Nililia njia nzima kwa hasira.

Dada alinisikiliza hadi mwisho. Hakulia. Rajabu alipoingia kuchukua maji yake, alimuuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli. Wala hakukana.

"Nilichukua mikono tu, Waridi. Roho sikuigusa."

"Ungeniomba," dada alisema, "ningekupa."

Akamsogezea beseni. Akamwambia leo aoshe mwenyewe. Rajabu akasita. Akalitazama dumu. Lilikuwa tupu, na wateja wake walikuwa njiani. Akachuchumaa, akatumbukiza mikono.

Dada akachuchumaa mbele yake. Akainamisha kichwa.

"Rajabu bin Mwanakombo, njoo na vyako."

Mwanakombo ni mama yake Rajabu. Akajaribu kutoa mikono. Haikutoka. Maji hayakutikisika. Alivuta, mishipa ya shingo ikasimama, na beseni halikusogea hata kidogo.

"Waridi," alinong'ona. "Mke wangu."

Dada akarudia. Akarudia tena. Hakupandisha sauti.

Alipomwachia, Rajabu aliondoka amekumbatia mikono kwapani. Hakuchukua dumu. Hakuvaa viatu. Grosari haikufunguliwa tena, na kwao Mwanakombo anasema hajamwona. Dada alizivunja glasi zote uani, akafagia.

Baada ya muda vidole vyake vikarudisha michoro. Nilifurahi hadi nikatoa sadaka. Nikamshika mkono tukarudi kwa kijana wa mwavuli. Akataja namba yake, akaweka kidole. Ikakataa.

"Sasa alama zipo," kijana alisema. "Ila si za mwenye namba."

Dada akavitazama vidole vyake. Kisha akataja namba nyingine, kwa kichwa, kama mke anavyojua namba ya mumewe. Kijana akabonyeza. Dada akaweka kidole.

Ikakubali.

Tulipofika nyumbani nikammiminia maji, nikampa. Akakaa kwenye kigoda cha uani, akanywa polepole, macho yake ukutani.

Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimekinga kitako.