Taa Nyekundu kwa Mtani

Kipimanafsi kilihitaji dakika kumi na moja tu kumjua mtu. Mtu aliketi, akavishwa kofia ya nyuzi laini za shaba, na mashine ikapita katika kumbukumbu zake ikifungua mlango mmoja baada ya mwingine. Haikuuliza swali. Ilitafuta misukumo: kile mtu anachokitamani bila kujua, anachokiogopa, anayemchukia kimyakimya tangu utotoni. Mwishoni taa iliwaka juu ya kiti. Ikiwa kijani, unakwenda mwezini. Ikiwa nyekundu, huendi, mpaka ukubali kulainishwa.

Ulainishaji ulifanyika chumba cha pili. Mawimbi madogo yalikigusa kipande cha nafsi kilichotia wasiwasi, yakakizima. Mtu alitoka mtulivu, na mara nyingi alishukuru.

Kwa miaka mitatu Desideria Ngonyani, mhandisi pekee wa mashine hiyo katika Kituo cha Anga cha Makambako, alikuwa ametia sahihi kila ripoti. Alikuwa mtu wa sauti ndogo. Mikutanoni aliandika hoja zake kwenye karatasi, akampa mwenzake azisome. Kazi ya mashine ilimfaa, kwa kuwa mashine haikumkodolea macho.

Jumanne moja, saa tano asubuhi, taa iliwaka nyekundu juu ya rubani aitwaye Atukuzwe Kikoti. Ripoti ilisema: *Chuki iliyofichwa dhidi ya marehemu. Hana heshima kwa wafu. Hatari kwa wenzake watano safarini. Alainishwe.*

Kikoti aliisoma mara mbili, kisha akaweka kidole gumba kwenye fomu ya kukubali. Akapangiwa saa tisa alasiri.

"Nimeingoja safari hii miaka minane," alisema akivua kofia. "Kama kuna uchafu, wautoe tu. Ila dada, ni uchafu gani?"

"Sijui," Desideria alijibu. Ni kweli hakujua. Kanuni zilimtaka asaini, hazikumtaka atazame.

Kikoti akasoma beji yake. "Ngonyani? Mngoni! Kumbe ndiyo maana. Bado mna kinyongo na sisi Wahehe kwa vile tuliwakimbiza vitani enzi za mababu."

"Nani alimkimbiza nani?" Swali lilimtoka kabla hajaona haya.

"Ahaa! Ana ulimi, huyu!" Kikoti akaondoka akicheka.

Huenda ni kicheko hicho kilichomfanya Desideria aifungue kumbukumbu yenyewe kwenye kioo.

Ulikuwa msiba, Songea, miaka sita iliyopita. Kikoti, wakati huo mwanafunzi wa urubani, alikuwa amevaa koti refu la marehemu na kofia yake, na tochi mkononi ingawa jua lilikuwa likiwaka. Alikuwa akizunguka uani akifoka kwa sauti ya kukwaruza: "Nani kaacha mlango wazi? Kuku wataingia! Nyumba hii haina mtu mwenye akili ila mimi!" Kisha akarukia ndani ya kaburi lililo wazi, akajilaza. "Sitoki! Mngoni huyu amechelewa kila mahali maisha yake yote, na leo achelewe. Nileteeni jogoo kwanza."

Waombolezaji walikuwa wakicheka huku wanafuta machozi. Ndiyo kazi ya mtani msibani: kumwigiza marehemu, kuwachekesha wafiwa, kisha kudai ujira wake. Kumbukumbu ikageuka kuwatazama, na pale mbele, amejifunga khanga kiunoni, ameshika mkono wa mama yake, Desideria akajiona mwenyewe, naye akicheka.

Koti lilikuwa la baba yake. Na tochi. Siku ile hakumjua kijana yule ni nani. Kofia ilimfunika uso. Alichokumbuka ni kwamba mama hakuwa amekula kwa siku mbili, na kwamba aliposikia ile "kuku wataingia" alicheka mpaka akaanguka chini, akalia kilio alichokuwa amekikataa, kisha akaomba uji.

Mashine ilikuwa imeyaona yote hayo, ikaandika: chuki.

Chuoni Desideria alisoma kwamba waasisi wa nadharia iliyomo ndani ya kipimanafsi waliwasikiliza wagonjwa wachache wa mji wa mbali, wakaamini wameisikia dunia nzima. Baadhi ya wanafunzi wao walikataa. Walisema mtoto haumbwi na tamaa na hofu zake tu. Anaumbwa pia na waliomlea, na majirani, na namna watu wa kwao wanavyopenda, wanavyokasirika na wanavyozika. Desideria aliyaandika hayo kwenye mtihani, akapata alama nzuri, akayasahau.

Saa nane alikuwa mlangoni kwa mkurugenzi, Dokta Kisamo. Safari hii hakubeba karatasi.

"Nafsi ni nafsi popote," Dokta alisema baada ya kumsikiliza. "Hamu, hofu, hasira. Mengine ni mavazi."

"Dokta, kwenu Upareni Wachaga hawaji msibani?"

Mzee alisita. "Walikuja kwa babu. Walikaa mlangoni wakazuia jeneza." Mdomo wake ukataka kutabasamu. "Lakini bibi yangu aliwapenda sana wale mabwana... Sawa. Ongeza mstari mmoja. Utani uruhusiwe."

"Na wale wengine? Utani huo nimeujua kwa sababu nilikuwepo. Tumewalainisha watu thelathini na saba."

"Unasema mashine yote ina kasoro, kwa ushahidi wa kijana mmoja?"

"Naomba uje uone."

Waliteremka wote wawili. Desideria aliketi kwenye kiti, akajivisha kofia. Dakika kumi na moja zilipita. Taa ikawaka nyekundu. *Alicheka kwenye maziko ya baba yake. Chuki dhidi ya mzazi. Alainishwe.*

Dokta Kisamo alimtazama binti ambaye kila mwaka aliomba ruhusa kwenda kupalilia kaburi la baba yake.

"Unajua kanuni," alisema taratibu. "Mwenye nyekundu haruhusiwi kusaini."

"Najua. Basi hakuna wa kusaini, na ulainishaji usimame." Sauti yake ilikuwa ndogo kama kawaida, lakini haikukatika.

Saa tisa kasoro dakika nne, umeme wa chumba cha pili ulizimwa. Kikoti, aliyekuwa tayari amelazwa, aliinuka akiwa amekasirika. Chombo kingeondoka Ijumaa, pengine bila yeye. Desideria alimwonyesha picha kwenye kioo. Alitazama mpaka mwisho.

"Yule mwenye khanga ni wewe?"

"Ni mimi. Hicho ndicho walichotaka kukitoa."

"Jogoo mwenyewe alikuwa mwembamba," alisema hatimaye, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Bado mna deni langu."

Jioni Desideria alifungua orodha ya majina thelathini na saba. Alikuwa amekwisha kuandika swali ambalo mashine haikuwahi kuuliza, na ambalo sasa lingekuwa la kwanza. Hakupenda kuzungumza na wageni kwa simu. Akapiga namba ya juu kabisa, ya fundi mmoja wa Kondoa.

"Samahani, mama. Naitwa Desideria, wa Kituo cha Anga. Nilisaini ripoti yako. Naomba kujua, mkipenda, mkikasirika au mkizika, kwenu mnafanyaje?"

Upande wa pili redio ilipunguzwa sauti.

"Kuna kitu nilikuwa nafanya," mwanamke alisema, "kila nikitaja jina la mama yangu. Wanangu wanasema nilikuwa nafanya. Mimi, tangu nilainishwe, sikumbuki ni nini."

Desideria alishika kalamu kwa nguvu. "Wanao wapo hapo?"

"Wapo."

"Waite, mama. Nitasubiri."